Meli Isiyosikia Maji

Ezironi anasema meli yao ilipita juu ya mtumbwi wa wavuvi na hakuna mtu aliyejua.

Anasema ilikuwa asubuhi, wageni wamekaa mezani wanakunywa chai, na meli inakwenda mwendo wake uleule. Siku ya pili walipofika bandarini, baharia mmoja akaona kipande cha wavu kimenasa kwenye pua ya meli, na pamoja nacho ubao uliopakwa rangi ya bluu. Ndipo wakajua kwamba huko nyuma walipita juu ya watu. Walikuwa wangapi, haijulikani. Walikuwa wa nchi gani, haijulikani.

"Hata chai haikutikisika ndani ya kikombe," Ezironi alisema, akainua kikombe chake mwenyewe ili tuone. "Hiyo ndiyo meli. Si hivi vijiti vyenu."

Watu walicheka na kushangaa pamoja. Ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 1970, na Ezironi alikuwa na siku tatu tu tangu arudi Kasenyi. Alikuwa amekaa uani kwa mama yake, amevaa viatu vyeusi na soksi katika joto lile, na kijiji kizima kimemzunguka. Mimi nilikuwa pembeni na karai la samaki wa ngege, natoa magamba. Nilikuwa naangalia mkono wake. Chai ndani ya kikombe alichokiinua ilikuwa inatikisika.

Sikucheka, kwa sababu mume wangu Nuwa aliondoka pamoja na Ezironi, na Ezironi alirudi peke yake.

Siku ile ya kwanza aliposhuka kwenye lori, mama mkwe wangu, Naome, alimwendea kabla hajafika hata kwao, akamuuliza mwanangu yuko wapi. Ezironi alijibu upesi. Alisema Nuwa alihamishwa, yuko kwenye meli nyingine, kubwa kuliko ile, atakuja mkataba wake ukiisha. Mama akauliza meli hiyo inaitwaje. Ezironi akasema ina jina refu la kizungu, amelisahau. Na huyu ni mtu aliyetutajia majina ya wapishi wote, na jina la mbwa wa nahodha.

Niseme kidogo kuhusu maji ya kwetu, ili mtu aelewe kwa nini niliogopa.

Ziwa letu ni la kijani, zito kama mchuzi wa majani ya sombe, na halina kina kirefu. Mti wa kusukumia mtumbwi unafika chini karibu kila mahali. Lakini linaua, kwa sababu ya viboko. Kwa hiyo watu wa Kasenyi wanaingia mtumbwini miguu peku, hata mwalimu, hata tajiri. Kiboko akija chini ya maji, ubao unatetemeka kidogo kabla yeye hajaonekana, na anayekujulisha ni unyayo wako. Nuwa alikuwa na nyayo za namna hiyo. Mara mbili aliwatoa wenzake mahali pabaya wakati wao hawajasikia kitu.

Tena alikuwa na desturi ya marehemu baba yake. Asubuhi, kabla hajaweka kitu mdomoni, anachota maji yale anayoyapitia, ananawa uso, anasema, "Nimekuona, na wewe unione." Basi. Anachotea kopo lile la kutolea maji mtumbwini, na kamba ya kopo ameifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Wavuvi wote wa hapa wanafunga hivyo. Mtumbwi ukivuja na kopo limeanguka ziwani, mmekwisha.

Ezironi yeye hakuwa mtu wa mtumbwi. Alikuwa dobi kwenye hoteli moja ya watalii, huko juu ya mfereji wa Kazinga. Mgeni mmoja pale, mkubwa wa watumishi kwenye meli ya matembezi, alipenda jinsi Ezironi anavyopiga pasi mashati, akamwandikia barua ya kuonyesha Mombasa. Barua ilisema anaweza kuleta na mwenzake mmoja. Nuwa alikuwa amepoteza mtumbwi wetu mwaka ule, kiboko aliukata katikati. Alisema atakwenda mwaka mmoja tu, arudi tutengeneze mwingine.

Niliwasindikiza mpaka stesheni ya Kasese, mwezi wa pili mwaka 1969. Mama naye alikuja. Gari moshi lilipokuwa linapiga kelele, alimshika Nuwa sikio kama mtoto mdogo, akamwambia kwa lugha yetu ya Lhukonzo kwamba maji asiyoyajua ayasalimie kila siku, asiache hata siku moja. Nuwa alicheka, akasema ndiyo mama.

Zilikuja barua mbili.

Ya kwanza ilifika mwezi wa tano. Aliandika: "Mbambu, hiki si chombo. Ni mlima ambao mtu ameusukuma ukaanza kutembea. Napanda ngazi, nashuka ngazi, naosha sahani, nalala. Sakafu ina zulia. Juu kuna bwawa, watu wanaogelea ndani ya meli na bahari yote iko hapo nje. Wiki mbili sijagusa maji. Nikiuliza bahari iko wapi, wananionyesha dirisha. Nasimama miguu peku usiku watu wakiwa hawapo, unyayo wangu haunielezi kitu. Naogopa. Usimwambie mama."

Sikumwambia. Nilisoma barua kwa sauti nikaruka pale pa kuogopa, nikaweka maneno yangu kwamba anakula vizuri.

Ya pili ilifika mwezi wa tisa, fupi sana. "Mwambie mama nimepata njia ya kusalimia maji. Ezironi amenisaidia. Nitaeleza nikirudi."

Baada ya hapo, kimya. Miezi saba.

Basi Ezironi akawa habari ya kijiji. Kila jioni hadithi. Anasema kwenye meli ile mtu anaweza kukaa mwezi asijue kama yuko majini. Kuna duka, kinyozi, kanisa, senema. Yeye mwenyewe alifanya kazi chini kabisa, chini kuliko maji yenyewe, na sauti aliyoisikia ni ya mashine za kufulia tu. Katika miezi kumi na moja, alisema, bahari aliiona siku chache, na hizo ni siku za bandarini.

Aliyemjibu ni Geneviève, mama mmoja Mkongo anayekuja kila Jumatatu kutoka Bwera kununua samaki wa chumvi wa kupeleka Beni na Butembo. Yule mama haogopi mtu. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, akamuuliza:

"Ezironi, weye ulienda ku bahari ama ulienda ku hoteli?"

"Bahari, mama."

"Bahari gani hauone, hauguse, haikutikise? Mie nilipanda mutumbwi ya Kyavinyonge, nikatapika mpaka nikaita mama yangu, na iko alikufa zamani. Ile ndiyo maji. Weye ulienda kupiga pasi."

Watu walianguka kwa kicheko. Ezironi alikasirika. Alisema wanawake hawaelewi, kwamba ukubwa wa meli ni huo hasa. Wazungu wameitengeneza ili mtu asahau maji. "Mtu hapandi ili aone bahari," alisema. "Anapanda ili bahari imwache."

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma ya watu. Hakupaza sauti. "Kusahau ni kwenu nyinyi," alisema. "Je, maji nayo yamekubali kusahau?"

Ezironi aliangalia viatu vyake, akasema jua limezama, anakwenda kula.

Tangu jioni ile nilianza kuogopa kwa namna nyingine. Mwanzo nilikuwa naogopa kwamba Nuwa anateseka, au ameoa huko. Sasa niliogopa kuuliza. Nilijua nikiuliza vizuri nitajibiwa, na nikijibiwa, kilichopo sasa hakitakuwepo tena.

Na kulikuwa na jambo jingine. Kwetu Kasenyi mtu akipotea majini, habari yake haiingizwi nyumbani na mtu wa nchi kavu. Anayeileta ni yule aliyekuwa naye kwenye chombo kimoja. Anakuja miguu peku, hapiti mlangoni, anasimama nyuma ya nyumba na kutaja jina la marehemu mara moja. Hapo ndipo kilio kinaanza. Mvuvi mmoja, Apollo, alipouawa na kiboko, tulimwona mwenzake wa mtumbwi, Zedekia, akitoka ziwani amelowa, akazunguka nyumba ya Apollo, na mke wa Apollo alikuwa ndani anatwanga, amekwisha kuziona nyuso zetu, anajua, na bado anatwanga. Hakuacha mchi mpaka jina lilipotajwa. Anayelia kabla ya hapo, watu wanasema yeye ndiye aliyemsukuma mwenzake majini. Kwa hiyo sikulia. Hata kuwaza niliwaza kidogo kidogo, kama mtu anayepita karibu na nyati aliyelala.

Mama aliniona. Tulikuwa tunageuza samaki juani. Akasema, "Usimharakishe yule. Mwenye habari ni kama kambare kwenye tope, ukikanyaga kwa nguvu anazama zaidi."

Nikawa nasikiliza. Kila Ezironi alipohadithia nilikuwepo, na karai langu au bila karai. Ile ya mtumbwi alipenda kuirudia, watu walimwomba. Mara ya kwanza ubao ulikuwa wa bluu. Mara ya pili ulikuwa mwekundu. Mara ya tatu hapakuwa na ubao, kulikuwa na shati. Wavu ulikuwepo, halafu haukuwepo. Lakini sikuzote ilikuwa asubuhi, sikuzote wageni walikuwa mezani, na sikuzote chai haikutikisika. Nilijiambia, huyu mtu chai ameiona kwa macho yake. Mtumbwi hakuuona.

Wiki ya tatu, siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, alikunywa tonto, pombe ya ndizi, nyingi akachangamka. Akaanza kumwiga mkubwa wake wa chumba cha kufulia, mzungu mfupi mwenye ndevu, jinsi alivyokuwa anabweka kwa sababu ndoo imepotea. Ndoo moja na kamba ya kuanikia nguo, pima nane. Ezironi alitembea uani ameinama, anatafuta chini ya viti, anafunua sketi za bibi zake, watu wanashika mbavu.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nzima anatafuta ndoo! Anatafuta ndoo kuliko..."

Akasimama katikati ya uani.

"Kuliko nini?" mtu akauliza.

Macho yake yalikuwa yameniona. Akasema kuliko mke wake, na watu wakacheka tena, lakini yeye alikaa chini, akashika magoti yake mwenyewe.

Jumapili iliyofuata hakuwepo. Mama yake alisema amepata kazi Bwera, kufua na kupiga pasi nguo za askari. Alikuwa amesema atakaa Kasenyi mpaka Krismasi.

Nuwa aliandika amepata njia ya kusalimia maji, na Ezironi amemsaidia. Ezironi ni mtu wa chumba cha kufulia. Ndoo na kamba ni vitu vya chumba cha kufulia. Hayo nilikuwa nimeyaunganisha kabla sijafika nyumbani siku ile ya ubatizo. Lakini ndoo na kamba havimuui mtu. Nilitaka kujua, na sikutaka.

Nasani ndiye aliyekuwa na mtumbwi wa injini kwetu, anazunguka kukusanya samaki. Nilimwomba anichukue, nikasema nataka kuona kambi ya wavuvi ng'ambo. Asubuhi tukaondoka. Nilikuwa na ndoo ya bati na kamba. Tulipofika katikati, injini inavuma, mtumbwi umeinua pua, nikaishusha ndoo kando kama mtu anayetaka kuchota maji ya kunawa. Sikufunga kamba mkononi. Nashukuru sikufunga.

Maji yaliishika ndoo kama mtu mwenye hasira anavyoshika nguo ya mwizi. Kamba ilipita ndani ya viganja vyangu ikachukua ngozi. Bega langu liligonga ukingo wa mtumbwi, kichwa na kifua vikawa nje, nikaona maji ya kijani yanakimbia karibu na jicho langu, halafu kamba ikaisha na ndoo ikaenda. Nasani alizima injini. Alinitukana mimi na ukoo wangu wote wa Maliba, watu wa milimani wasiojua ziwa, akauliza kama nataka kufa ninunue dawa dukani nisimletee kesi.

Nilikaa chini kwenye maji ya mtumbwi. Ile ilikuwa injini ndogo ya kukusanyia samaki. Meli ni mlima unaotembea. Na Nuwa, kila kitu cha kuchotea maji alichokishika maishani mwake, kamba yake aliifunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

Nyumbani nilifunga viganja kwa kitambaa, nikasema nimeungua na chungu. Mama aliviangalia vile vitambaa. Hakuuliza chungu gani. Alisema tu, "Geneviève anarudi Bwera Jumatatu. Lori lina nafasi."

Jumatatu nilipanda naye. Geneviève aliniuliza mara moja niko na shida gani, nikasema natafuta habari ya mume wangu, akaacha. Tulipokata kona ya Kikorongo kuelekea Bwera kulikuwa na kizuizi cha askari. Walitushusha wote, wakachoma magunia ya samaki kwa vyuma, mmoja akanielekezea bunduki akauliza kwenye mikono nimeficha nini. Nilifungua kitambaa nikamwonyesha ngozi ilivyotoka. Akasema panda. Nakumbuka kwamba bunduki ile haikunitisha. Woga wangu wote ulikuwa umekwisha kupata mahali pa kukaa.

Ezironi alikuwa na chumba kimoja nyuma ya maduka, upande wa barabara ya Mpondwe. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa na pasi ya mkaa mkononi, na ukutani zimening'inia nguo za askari, nyingi, mikono imenyooka. Juu ya sanduku alikaa sajini mmoja, anaitwa Omara, amevaa fulana ya ndani, anangoja shati lake.

"Dobi, una mgeni," sajini alisema.

Ezironi aliniona. Pasi ilisimama juu ya shati.

"Unachoma nguo ya serikali," sajini akasema.

Ezironi akaiondoa upesi. "Pole, afande." Akamaliza kola, akamaliza mikono, polepole kuliko ilivyotakiwa. Mimi nilisimama mlangoni nikangoja. Sajini Omara alivaa, akafunga vifungo akiniangalia, akamwambia Ezironi kwamba kama ni mke wake amkaribishe, na kama si mke wake amkaribishe zaidi. Akatoka akicheka. Tukabaki.

"Shemeji," Ezironi alisema. "Karibu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Shemeji, ule mtumbwi ulikuwa wa rangi gani?"

"Mtumbwi gani?"

"Mliopita juu yake."

"Bluu."

"Wiki ya pili ulisema mwekundu."

Alifungua pasi, akapuliza makaa, akaifunga. Nikafungua vitambaa vyangu nikaweka viganja juu ya meza yake, pale kwenye blanketi la kupigia pasi, vikitazama juu.

"Nilishusha ndoo kutoka mtumbwi wa Nasani," nikasema. "Ukikimbia."

Aliangalia mikono yangu. Huko nje Wakongo walikuwa wanapita na mizigo yao wanaelekea mpakani, wanaimba kidogo. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake:

"Hapakuwa na mtumbwi."

Halafu aliniambia, na mimi nayaandika kama alivyoyasema.

Chini kabisa ubavuni mwa meli kulikuwa na mlango mdogo wa chuma, watu wa jikoni wanatupa takataka hapo. Hata hapo bado maji yako chini, kimo cha watu watatu. Ezironi alimpa Nuwa ndoo na kamba, na meli ikisimama bandarini Nuwa alikuwa anashuka asubuhi, anachota, ananawa uso, anasema maneno yake. Aliridhika. Alianza hata kucheka tena. Halafu ikaja safari ndefu, siku nane bila bandari. Siku ya nane Nuwa alisema hawezi tena, amekaa wiki nzima juu ya maji ambayo hajayaona na hayajamwona, usingizi hapati, na mama yake alimwambia kila siku. Ezironi alikuwa anapita na mzigo wa vitambaa vya meza. Alimwona amefungua mlango, amekaa miguu peku, anafunga kamba kwenye mkono wa kushoto.

"Nilitaka kumwambia," Ezironi alisema. "Lakini nilikuwa sijui nimwambie nini. Yeye ndiye mtu wa maji. Mimi ni dobi."

Aligeuka kuweka mzigo chini. Alipogeuka tena mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Hakusikia ukelele. Hakusikia kitu kuanguka. Sakafu haikusema chochote.

Alikimbia juu. Ngazi nne, akapotea, ngazi nyingine, akasukuma mlango akajikuta kwenye ukumbi wa kulia. Wageni walikuwa wanakunywa chai. Vitambaa vyeupe, maua mezani, mtu anapiga piano asubuhi ile. Alisimama na miguu yake miwili kwenye zulia, akaangalia kikombe kilichokuwa karibu naye, chai imetulia kama imechorwa. Alisema, mtu, mtu. Kizungu kilimtoka chote kichwani. Mkubwa wa wahudumu akamshika kola akamtoa nje, kwa sababu watu wa kufulia hawaruhusiwi kuingia pale. Alipopata mtu wa kumsikiliza, muda mrefu ulikuwa umepita. Wakampeleka kwa mwingine, na huyo kwa mwingine. Meli haikugeuka. Bandari iliyofuata wakaandika kwamba Nuwa alitoroka akabaki nchi kavu. Wakampa karatasi aweke sahihi kwamba ni kweli.

"Ukaweka?"

"Niliweka."

Sikulia. Bado hapakuwa na ruhusa. Nilishika meza kwa sababu niliona kama chumba kile cha Bwera, na maduka, na milima yote nyuma yake, vinakwenda na mimi ndani, na hakuna mtu anayesikia.

"Kwa hiyo unasema mtumbwi," nikasema.

"Mtumbwi watu wanaweza kuusikiliza," alisema. "Wanacheka, wananiambia rudia."

Alikuwa amevaa vile viatu vyeusi. Nikamwambia tulichokuwa tunakijua wote wawili. Kwamba mimi sikuwa kwenye chombo kile, mdomo wangu hauwezi kuleta habari hii nyumbani. Kwamba mama anageuza samaki juani na macho yake yako barabarani, na atakaa hivyo miaka kumi, na mimi pamoja naye, si mke wala mjane, tunaogopa kila lori.

"Ataniuliza kwa nini alichota maji meli ikikimbia," Ezironi akasema. "Nimjibu nini, shemeji? Yeye ndiye aliyemwambia ayasalimie kila siku. Kasese, stesheni, sote tulisikia. Nimweleze hivyo?"

"Hutaambiwa uingie ndani. Hutaulizwa. Ni jina tu."

"Yule mama ataniuliza."

"Akiuliza nitakuwa nimesimama karibu yake."

Huko nje Geneviève alianza kuniita, lori linataka kugeuka lirudi Kasenyi kabla mvua ya mlimani haijafika. Aliita mara ya kwanza, akaita mara ya pili kwa matusi kidogo. Ezironi alichukua shati jingine kwenye rundo, la askari mwingine, akalitandaza juu ya blanketi, akanyoosha mgongo wa shati kwa kiganja.

"Njoo Alhamisi," nikasema. "Kuna lori la chumvi. Shuka kwenye njia panda, vua viatu hapo, pita kwa nyuma. Usimsalimie mtu. Simama, utaje jina lake mara moja, uondoke. Mengine nitabeba mimi. Shemeji, nakuomba. Utakuja?"

Aliweka pasi juu ya shati, akaanza na kola.